Wazungu wa Vital na Bafu la Clothilde

Vital alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku moja, ule unaoondoka kwa ugali na usingizi. Huu ulikuwa umeingia gotini ukapanga chumba. Kila asubuhi akishusha miguu kitandani, goti la kulia lililalamika kabla yeye hajafungua mdomo kusali. "Haya, nawe umeamka," aliliambia, maana walishazoeana.

Jumapili moja baada ya ibada alikaa sakafuni katika apatimenti yao ya chini kule Sharpstown, Houston, miguu ameinyoosha kama mtoto anayesubiri uji, na pande zote amezungukwa na maboksi. Maboksi ya viatu, maboksi ya ndizi, mikebe ya biskuti. Ndani hamkuwa na viatu wala ndizi wala biskuti. Mlikuwa na kadi za wachezaji wa besiboli, za zamani, za miaka ya hamsini na sitini, kila moja kubwa kama kiganja, mbele sura ya mtu na nyuma habari zake. Juu ya boksi moja ililala simu, sauti imefunguliwa, na binti yao Ushindi alikuwa anaongea kutoka Arlington, mwendo wa saa nne kwa gari kuelekea kaskazini.

"Baba, chumba ni kimoja. Na kabati la ukutani ni moja. Maboksi mawili tu. Two, Baba."

"Nimesikia."

"Hata last week ulisikia."

Clothilde, mke wa Vital, alicheka kutoka jikoni, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Mwambie, mama, mwambie! Mimi amenizoea, sauti yangu kwake ni kama feni. Labda wewe nesi atakusikia. Wazungu wake hawa wamekaa katika nyumba yangu muda mrefu kuliko watoto niliozaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniosha sahani."

Wazungu wake. Ndivyo alivyowaita wachezaji wote wa kwenye kadi, weupe na weusi, na jina likaenea mpaka kanisani. Bibiche, mwenzake wa kwaya, humsalimu hivi mpaka leo: "Wazungu wenu hawajambo?" Naye Clothilde hujibu: "Wazima. Wamekula, wamelala."

Niseme mapema, Vital si mtu wa besiboli. Hajawahi kuutazama mchezo huo mpaka mwisho. Anasema ni watu wamesimama uwanjani wakingoja basi ambalo haliji. Kadi zilimjia kwa njia nyingine. Walipofika Houston kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kumaliza nyumba: mzee amekufa, au amepelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, watoto wanataka kuuza, basi kina Vital wanaingia na lori na kutoa kila kitu. Sofa, sufuria, viatu vya marehemu, vyote jalalani. Siku moja akafungua droo akakuta sura za watu, wamevaa kofia, wanamtazama. Msimamizi akasema tupa. Vital akasema yes, boss, akazitia mfukoni.

Kwao Baraka, Kivu Kusini, sura ya mtu haitupwi takatakani, awe hai awe marehemu. Unawezaje? Macho yanakutazama! Kwa hiyo kila nyumba aliyoimaliza alitoka na watu wake wawili watatu, wengine kwa boksi zima, na kwa kuwa hakuwajua aliwapa majina. Mmoja alikuwa Mashavu, kwa sababu shavu moja limejaa tumbaku. Mwingine Mzee wa Kanisa. Mwingine Shemeji, maana alitabasamu kama mtu anayetaka kuazima baiskeli yako. Baadaye sana ndipo alipopita Sugar Land, mji wa jirani, akaona duka la kadi, akaingia, na mwenye duka, Mmeksiko mtu mzima aitwaye Delgado, akamwonyesha kwamba kuna watu wanaozitafuta hizo za zamani usiku na mchana. Vital alishangaa, akafurahi. Akaanza kuzipanga vizuri.

Sasa tumfikie Clothilde, maana kisa chote kiko kwake.

Walipokimbia vita, mvua iliwakuta njiani, na vyeti vya watu viligeuka uji mifukoni. Vya Clothilde vilipona kwa sababu alikuwa amevifunga katika mfuko wa nailoni uliokuwa wa chumvi. Kambini afisa alipouliza una ushahidi gani kwamba huyu ni mume wako, Clothilde alitoa cheti cha ndoa, kikavu, muhuri wa parokia unasomeka. Majirani zake waliokuwa na ndoa nzuri kuliko yake walihangaika miaka kwa kukosa karatasi. Tangu hapo mwanamke huyu alikuwa na imani mbili: Yesu na nailoni. Mshahara wake wa kwanza Houston, wa kuwaogesha wazee, aliununulia mashine ya laminesheni. Unatia karatasi yako upande huu, imelegea, imechoka. Mashine inaipiga moto ndani ya nailoni. Upande wa pili inatoka ngumu, inang'aa. Kanisa zima lilimletea vyeti vya ubatizo, picha za marehemu, kadi za chanjo. Cheti cha dhamana ya friji yake mwenyewe alikipiga. "Karatasi bila nailoni ni jani la muhogo," alikuwa akisema. "Leo bichi, kesho limenyauka."

Basi siku ya kuzaliwa ya mumewe, miaka michache baada ya kufika, alimkalisha kwenye kiti, akamwambia afumbe macho, akamwekea mapajani kadi tisa. Hakuziokota ovyo. Alikuwa amemchunguza wiki nzima aone ni zipi anazozirudia. Mashavu alikuwemo, na Mzee wa Kanisa, na Shemeji, na wengine sita wa moyoni, wote wamefungwa ndani ya nailoni ngumu, kingo zimekatwa kwa mkasi kwa uangalifu, bado za moto.

"Sasa hawa hawatazeeka tena," alisema Clothilde.

Vital alilia. Msinielewe vibaya, alilia kwa furaha. Tangu aoe hakuwahi kupewa zawadi iliyomtazama namna ile.

Wiki hiyohiyo akampeleka Mashavu Sugar Land ili amringishie Delgado. Delgado aliipokea kadi, akaigeuza, kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Akamweleza taratibu. Wanunuzi wa kadi wanataka karatasi ilivyozaliwa. Moto ule umegandisha nailoni na sura. Ukiibandua unambandua mtu uso. Hii, rafiki yangu, imekufa. Hakuna atakayeinunua, si leo si kesho. Nani kafanya hivi?

"Mimi," alisema Vital.

Alirudi nyumbani akakaa garini pale kwenye maegesho. Kupitia dirishani alimwona Clothilde ameinamia mashine yake, anaimba, mbele yake rundo la vyeti vya watu. Akasema moyoni, leo nimwache. Kesho nitamwambia.

Eti kesho! Angesema siku ileile, mwanamke angelia kidogo, jioni wangecheka, mambo yangeisha. Lakini Vital ni mtu wa kumeza. Kazini anameza, kwa daktari anameza. Ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila wahenga hawakuwahi kuolewa na Vital.

Kisha likaja gharika la kimbunga Harvey, na hapo ndipo alipofungwa kabisa mdomo. Maji yaliingia chumbani mpaka magotini. Maboksi yaliyokuwa chini yalifumuka, kadi zikashikamana zikawa kama mikate iliyolowa, sura za watu zikachuruzika rangi. Na katikati ya balaa hilo, juu ya maji, zikaelea kadi tisa. Clothilde alizikimbilia akazifuta kwa pindo la kitenge, moja moja, zote kavu ndani, zote zinacheka. "Unaona, Baba Ushindi? Unaona? Bila mimi ungebaki na nini?" Vital aliona. Mke alikuwa na haki. Na Delgado naye alikuwa na haki. Utamwambia nini mtu mwenye haki ya namna ile?

Maboksi yakajaa tena, maana wazee hawaachi kufa. Lakini tangu hapo Vital hakuuza kadi hata moja. Kila Clothilde aliposema uza angalau nusu, nyumba ipumue, yeye alijibu siuzi. Alijua angekubali tu, neno la pili lingekuwa: anza na zangu tisa, ndizo nzuri kuliko zote. Wangeenda dukani pamoja, Delgado angejishika kichwa, na mke angejua kwamba zawadi aliyoifanya kwa mapenzi ndiyo iliyoua kadi bora za mumewe. Bora aonekane bahili wa makaratasi. Clothilde akasoma hivyo, kwamba mume wangu anapenda maboksi kuliko nafasi yangu ya kupita, naye akamwacha asome hivyo mwaka baada ya mwaka.

Kilichovunja mambo ni goti. Daktari alisema kubeba sofa basi, imekwisha. Kodi ya nyumba nayo haikujua habari za goti. Ushindi akasema njooni Arlington, mkae kwangu.

Nyumba ya Ushindi ni ndogo, ya zamani, yenye bafu moja. Mume wake, Rogers, ni Mtanzania wa ofisini, mpole, kila akimwona mama mkwe wake hutazama chini na kusema "Shikamoo, Mama." Hana baya. Lakini mkwe ni mkwe. Kwetu mama mkwe na mkwe hawapishani mlangoni, sembuse kukalia choo kimoja na kuoga mahali pamoja. Krismasi iliyopita, walipokwenda kuwatembelea, Clothilde alitoka kuoga kitenge kimefungwa kifuani, akafungua mlango, na Rogers huyo hapo kwenye korido na mswaki mkononi. Lahaula! Rogers aliruka kurudi chumbani. Clothilde aliruka kurudi bafuni, akafunga kwa ufunguo, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea mpaka aliposikia gari la mkwe limeondoka. Siku zilizobaki za sikukuu hakunywa maji, ili asiingie choo.

"Mama, please, Rogers hajali," Ushindi alimwambia.

"Mimi najali. Mtanikuta nimekauka kama ndagala humu ndani, lakini sitaoga anapooga mkwe wangu. Bora nibaki Houston nife na kodi."

Ndipo Vital akafungua kinywa, na mtu wa kumeza akifungua kinywa watu hunyamaza. "Nitakutengenezea bafu lako, Mama Ushindi. La kutokea chumbani kwetu. Lenye mlango wako mwenyewe." Akaapa hapohapo, Rogers naye akisikia. Fundi wa mabomba, muumini mwenzao wa Fort Worth, alikuja akaugonga ukuta, akasema inawezekana, akataja gharama yake. Vital hakutingishika. Clothilde alimtazama mumewe kama siku za uchumba.

Asingethubutu kuapa kama si kadi moja. Baada ya gharika, katika nyumba moja ya mzee aliyefariki, aliipata ndani ya mkebe wa biskuti uliokuwa darini: kijana wa mkono wa kushoto, amerusha mguu, kadi ya mwaka wake wa kwanza, pembe nne bado kali. Vital alimwita Kijana. Delgado alipoiona alikwenda kwanza kunawa mikono. Vital akamweleza habari ya mama mkwe na choo, na Delgado, ambaye naye ana mama mkwe, hakucheka.

"Hii ni bafu, rafiki yangu," alisema. "Bafu na mabomba yake yote. Lakini mimi duka langu ni dogo. Mwezi ujao kuna maonyesho ya kadi huko huko Arlington, nina meza yangu, na mnunuzi ninamjua. Lete siku hiyo. Usiitoe kwenye mfuko wake, usiikunje, usifanye chochote."

Kwa hiyo Jumapili ile sakafuni, Vital alikuwa anaamua. Ushindi alipokata simu akaanza kuwaaga watu wake. Mwanzoni mmoja mmoja: huyu alitoka nyumba ya mwalimu mjane, huyu alikuwa kwenye Biblia, huyu alitumiwa kama alama ya kitabu. Kisha kumi kumi. Kisha boksi zima bila kufungua, maana huruma nayo huchoka. Alijaribu kujiuliza nani abaki, akaona hana nguvu za kuwa hakimu wa watu wote hawa. Abaki nani, Bwana? Kila mmoja ana macho. Mwishowe akasema tisa za mke wangu na Kijana, basi, wengine wote waende, Mungu awape nyumba nzuri.

Delgado alizinunua. Zilikuwa na wingi kuliko thamani, zikatosha lori la kuhamia na akiba kidogo. Vital alirudi na gari tupu akingoja kusikia ule wepesi watu wanaousifu, wa mtu aliyepunguza vitu. Hakusikia kitu. Alisikia goti.

Clothilde alifunua boksi moja la viatu lililobaki. Alizitazama tisa zake. Akazihesabu kwa kidole, moja moja.

"Umeuza zote, ukabakiza zangu?"

"Nimebakiza zako."

Alikwenda jikoni, akapenga kamasi kwa sauti, na siku hiyo akapika sombe, majani ya muhogo, na dagaa wa ndagala ukadhani wamepata ugeni wa askofu. Walipokuwa wanakula akairudia ile kadi ya kumi, iliyokuwa katika kimfuko chake laini. "Na hii?"

"Hiyo ni ya kuuza Arlington. Hiyo ndiyo bafu lako."

"Hii? Mbona imechakaa hivi? Rangi imepauka."

Jamani, mlango ulikuwa wazi. Kiti kimewekwa, sombe mezani, mke ana furaha. Ni lini tena utapata nafasi kama hiyo? Hata sentensi moja tu.

"Usiiguse tu, Mama Ushindi," alisema Vital.

"Juu ya nini nisiiguse?"

"Basi tu."

Basi tu! Ndiyo maelezo aliyompa.

Siku ya kufunga mizigo alikwenda kuchukua lori. Clothilde alibaki peke yake akifunga sufuria kwa magazeti, na mashine yake aliiacha ya mwisho, kama wapishi wanavyoacha jiko. Akaona boksi la viatu. Akaona tisa zinang'aa, na Kijana kando yao, hana nguo, anapelekwa kwenye maonyesho mbele ya watu wakubwa. Akafikiri: huyu mwanaume ameacha mali yake yote kwa ajili yangu, akashika kazi ya mikono yangu. Nami nimwache aende sokoni na kitu kichafu? Akaichomeka mashine kwenye umeme, akaiacha ipate moto vizuri.

Vital aliporudi alimkuta amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatabasamu vilevile kama siku ile ya kuzaliwa. Na alijua kabla hajaonyeshwa.

"Ulisema nisiiguse, nami sikuigusa, nimeishika kwa kitambaa," alisema Clothilde. "Imeingia vizuri sana. Haikujikunja hata kidogo. Sasa huyo mnunuzi atajua anauziwa na watu wenye akili."

Vital aliipokea. Ilikuwa na joto. Kijana alikuwa amerusha mguu mle ndani ya nailoni, pembe zake nne zimefungwa milele, na bafu lilikuwa limekwisha, mlango wake, mabomba yake na yote. Aliegemea lori lililokuwa bado linanguruma mlangoni. Mwenzangu, kuna hasira ambayo haina wa kumwangukia. Angemkasirikia nani? Mikono ile ndiyo iliyobeba cheti chao cha ndoa kwenye mvua.

"Imependeza," alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa, Mama Ushindi. Asante."

Njia yote ya kwenda kaskazini Clothilde alijenga bafu. Vigae vitakuwa vya bluu. Mlangoni pawe na ndoano mbili, ya kitenge na ya taulo. Ukuta usiwe mwembamba, mtu akikohoa asisikike kwa mkwe. Vital aliendesha na goti linamchoma, na karibu na Corsicana aliamua. Akasimamisha lori kwenye kituo cha mafuta. Akageuka.

"Mama Ushindi."

"Ee?"

Alimtazama. Alikuwa na vumbi la mizigo kwenye nyusi na amechoka kama yeye, lakini alikuwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu kodi ipande.

"Nikuletee kahawa?"

"Lete. Sukari nyingi."

Jumamosi ya maonyesho Clothilde alivaa nguo ya kwaya. Alisema hatakosa kuona kazi yake inanunuliwa. Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume wenye kofia, wameinamia meza kama wanaochambua mchele, na yeye alisimama kando ya nguzo, mkoba kifuani, akimwangalia mumewe anasogea kwenye meza ya Delgado. Vital alifunua bahasha chini chini. Delgado alitazama. Mikono yake miwili ilianza kupanda kuelekea kichwani, na Vital akaishika hapohapo, juu ya meza, mbele ya watu.

"Tafadhali," alisema kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya chini. "Yule pale ni mke wangu."

Delgado alitazama nguzoni. Akaona mwanamke wa makamo, kitenge kimepigwa pasi, anatabasamu na kungoja. Akaitazama kadi tena. Kisha akavua kofia, akainuka, akasema kwa sauti, "Kazi nzuri sana, mama. Nzuri sana." Clothilde akajibu thank you, thank you, akainamisha kichwa kwa haya.

Vital aliirudisha kadi kwenye bahasha na kumrudia mkewe.

"Imekuwaje? Wamekubali?"

"Nimeshindwa, Mama Ushindi."

"Umeshindwa nini?"

"Kuiuza. Nilipofika pale nimeshindwa. Siwezi kuachana nayo."

Clothilde alimtangulia kutoka nje, maana ana heshima zake. Alisema garini, mlango umefungwa, akitazama mbele. "Rudia."

"Siwezi kuiuza."

"Na bafu langu?"

"Siwezi."

"Mbele ya mkwe wangu uliapa." Sauti yake haikupanda, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Miaka yote nilisema ni makaratasi tu, kila mwanaume ana mchezo wake. Juzi ulipobakiza zile tisa nikasema kumbe ananipenda, mimi ndiye niliyekuwa mjinga. Sasa leo umeniweka kwenye mizani na kadi moja, Vital. Moja. Na mimi ndiye niliyekuwa mwepesi."

Alikuwa hajamwita Vital tangu Ushindi azaliwe.

Neno lilikuwa pale mdomoni. Lilikuwa fupi. Lingemtoa yeye hatiani na kumwingiza mke, lingemfanya azikumbuke zile tisa, na siku ya kuzaliwa, na pindo la kitenge likifuta maji ya gharika, na kila kimoja akihesabu upya kama kosa. Vital alilimeza.

"Nisamehe," alisema.

"Endesha gari."

Wako Arlington mpaka leo. Rogers, mtoto wa watu, amehamishia kuoga kwake kazini na anaondoka mapema kuliko zamani bila kuambiwa na mtu, lakini Clothilde hafungui mlango wa chumba mpaka gari lisikike. Anakaa ukingoni mwa kitanda na ndoo yake, sabuni na taulo, anangoja. Kadi kumi zimepangwa dirishani. Alisema kama haziuziki basi angalau zipendezeshe chumba. Akiwa anangoja huzifuta vumbi kwa pindo la kitenge. Mashavu, Mzee wa Kanisa, Shemeji, wote anawafuta polepole, kama anavyowafuta uso wazee wake wa kazini. Akifika kwenye ya kumi anasimama, anaiinua mpaka kwenye mwanga.

"Wewe," humwambia Kijana, "wewe ndiwe uliyekula bafu langu."

Vital husikia. Huwa amegeukia ukutani, mkono juu ya goti, anajifanya amelala.